Mionzi inampa nini mgonjwa wa MS mwenye maumivu ya uso, na Kigoma tuanzie wapi

Watu wenye maumivu makali ya uso wamekuwa wakisikia habari za upasuaji wa mionzi: unalazwa kwenye mashine, miale inapita kichwani bila kisu wala damu, na kesho yake uko nyumbani. Habari hiyo ni ya kweli. Ubaya ni kwamba hutufikia huku Kigoma ikiwa nusu, na nusu iliyobaki njiani ndiyo inayomhusu zaidi mgonjwa ambaye maumivu yake yametokana na maltipo sklerosisi, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo na uti wa mgongo, ambao madaktari huuita MS kwa kifupi. Mgonjwa huyo mionzi humsaidia, lakini huchelewa kufanya kazi, na kwa wengi nafuu yake hupungua miaka inavyokwenda. Kwa hiyo nasema wazi: familia isianze kuchanga fedha za mashine kabla haijajua maumivu yanatoka wapi, na anayepanga kuleta mashine nchini apange kwanza kiti cha meno, kidonge na sindano.

Tuanze na maumivu yenyewe, maana asiyeyajua huyadharau. Kila upande wa uso una mshipa mkubwa wa fahamu uitwao trijemina, wa tano katika jozi kumi na mbili zinazotoka kwenye ubongo. Una matawi matatu: moja la paji na jicho, moja la shavu na taya la juu, moja la taya la chini. Ukiugua, mgonjwa hupigwa shoti. Wengi hutumia neno hilohilo bila kufundishwa. Shoti hudumu sekunde chache, wakati mwingine hadi dakika mbili, huachia, kisha hurudi, pengine mara nyingi kwa siku. Kinachoiamsha ni mambo madogo ya kila siku: kunawa uso, kupiga mswaki, kutafuna, kuongea, upepo kupita shavuni. Mfikirie mama anayeanika dagaa Kibirizi, ambako upepo wa ziwa hauna ratiba. Asubuhi anajifunga khanga usoni, hasalimii watu kwa sababu kufungua mdomo ni hatari, na anakula uji tu upande mmoja. Anakonda. Majirani wanasema ana kiburi, wengine wanasema amerogwa. Naye anakwenda kung'oa jino.

Hapo kwenye jino ndipo mambo mengi huharibika. Maumivu yakiwa kwenye taya, mgonjwa mwenyewe huonyesha jino, na aliyeko kwenye kiti cha meno akiwa na foleni ndefu mlangoni hulitoa. Shoti inarudi. Linatolewa la pili. Kung'oa meno mazima kwa sababu ya trijemina ni kosa linalojulikana duniani kote, Ulaya kama Afrika, na kuliepuka hakuhitaji mashine yoyote. Yanatosha maswali machache. Jino bovu huuma kwa saa nyingi, hupwita, na huamshwa na baridi au moto. Trijemina hupiga na kuachia, na huamshwa hata na unyoya ukigusa ngozi. Mkanda wa jeshi uliopita usoni nao huacha maumivu, lakini yale huwaka mfululizo na ngozi huwa na historia ya malengelenge. Daktari wa meno wa Kasulu au Kibondo akizoea kuuliza hivyo, ameshaokoa meno ya watu na miaka ya mateso.

Sasa chanzo, kwa sababu uamuzi wote unasimama hapo. Kwa wagonjwa wengi, hasa waliovuka miaka 50, mshipa wa damu umelala juu ya trijemina karibu na pale inapoingia kwenye shina la ubongo. Mshipa huo unapodunda huisugua, na utando wa mafuta unaoizunguka, uitwao mailini, huchubuka. Mailini ni kama plastiki ya nje ya waya wa umeme: ikitoka, waya mmoja hurukia wa jirani, na mguso mwepesi wa shavu hufika ubongoni ukiwa maumivu makali. Kwa mgonjwa wa MS uchubukaji ni uleule, ila anayechubua ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Kinga hiyo hushambulia mailini ndani ya ubongo na uti wa mgongo na kuacha makovu. Kovu likiangukia njia ya trijemina ndani ya shina la ubongo, uso unaanza kupigwa shoti.

Kati ya wagonjwa 100 wa MS, wawili hadi watano hupata maumivu haya, na hatari yao inakadiriwa kuwa mara 20 ya watu wengine. Huwapata wakiwa na umri mdogo zaidi, na huweza kushika pande zote mbili za uso, jambo ambalo ni nadra sana kwa wengine. Kijana wa miaka 30 mwenye shoti za uso, au mtu yeyote mwenye shoti kulia na kushoto, anapaswa kuulizwa maswali ambayo hayahusu uso kabisa. Je, jicho moja liliwahi kufifia kwa wiki kadhaa kisha likarudi? Miguu iliwahi kufa ganzi au kulegea? Mkojo unamsumbua? Majibu hayo ndiyo yanayomfikisha kwenye MRI, kipimo cha kupiga picha za ndani ya ubongo kwa sumaku.

Nitaambiwa kwamba MS ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli kwamba huonekana zaidi mbali na ikweta. Jua, vitamini D na maambukizi ya virusi vya Epstein-Barr yote yametajwa katika kuueleza. Shirikisho la kimataifa la MS lilikadiria mwaka 2020 kwamba watu milioni 2.8 duniani wanaishi nao, na Afrika ilikuwa na viwango vya chini sana. Lakini ugonjwa ambao huthibitishwa kwa MRI na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu utaonekana mchache popote ambapo MRI na bingwa ni wachache. Mgonjwa wa Uvinza ambaye hajawahi kuingia kwenye MRI hahesabiwi popote. Sitaki kutia watu hofu: wengi wenye shoti za uso huku kwetu hawatakuwa na MS. Ninachotaka ni wachache walio nayo wasitibiwe kana kwamba hawana.

Maana matibabu hutofautiana. Kama ni mshipa wa damu, kuna upasuaji uliopata jina kupitia Mmarekani Peter Jannetta kuanzia mwaka 1967: fuvu hufunguliwa nyuma ya sikio, mshipa wa damu husogezwa, na kipande cha kitu laini huwekwa katikati. Wengi hukaa miaka mingi bila maumivu. Mgonjwa wa MS akifanyiwa upasuaji huohuo hupata matokeo duni zaidi, kwa kuwa kovu liko ndani na kinga bado inachubua. Kuna wagonjwa wa MS ambao MRI huwakuta na vyote viwili, kovu na mshipa wa damu unaogusa, na hao huhitaji bingwa aketi na picha zao kwa utulivu. Sasa fikiria ukoo uliouza ng'ombe na shamba, ukachangishana ndugu wa Buhigwe hadi Dar es Salaam, ukampeleka mtu India kufunguliwa fuvu kwa ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa ameuliza kama ni MS. Hilo linaniuma kuliko kukosekana kwa mashine.

Kabla ya kisu, mionzi au sindano, kipo kidonge. Mwaka 1962 daktari Msweden Sigfrid Blom aliandika katika jarida la Lancet kwamba dawa mpya ya kifafa ilikuwa inatuliza trijemina. Dawa hiyo ni kabamazepini, na hadi leo ndiyo ya kwanza kupewa. Iko kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu na hutumika katika kliniki za kifafa. Panadol na diklofenaki haziifikii hata kidogo, kwa sababu maumivu haya hayatokani na uvimbe wala jeraha. Yanatokana na mshipa wa fahamu unaofyatuka ovyo, na kabamazepini huutuliza. Huanza kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 100 asubuhi na jioni, ikapandishwa polepole na daktari. Mgonjwa akipata nafuu kubwa ndani ya siku chache, hiyo nayo ni dalili kwamba tuko kwenye ugonjwa wenyewe.

Vikwazo vya kidonge hiki ni vya nyumbani kabisa. Mtu anasoma kwenye karatasi ya dawa kwamba ni ya kifafa, anaona aibu, anakiweka kabatini. Hajaelezwa. Mwingine anatumia dawa za VVU zenye dolutegravir, na kabamazepini hupunguza kiwango cha dolutegravir mwilini, hivyo dozi lazima irekebishwe na kliniki yake. Akinyamaza, virusi vinaweza kupanda bila yeye kujua. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hupungua nguvu. Anayepata vipele vya ghafla na vidonda mdomoni arudi hospitali siku hiyohiyo. Na kwa mgonjwa wa MS kuna mtego wa pekee: kabamazepini huleta usingizi, kuyumba na kuona vitu viwili viwili, dalili zilezile ambazo MS yenyewe huleta. Ndugu wanaona miguu imelegea, wanadhani ugonjwa umepanda, kumbe dozi ndiyo imepanda. Ndiyo maana wagonjwa wa MS hufika mapema zaidi mahali ambapo kidonge hakivumiliki tena. Hapo ndipo hoja ya mionzi inapokuwa na uzito wa haki.

Wazo la kupasua kwa miale lilitoka kwa Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Stockholm, mwaka 1951, na trijemina ilikuwa miongoni mwa magonjwa ya kwanza aliyoyajaribia. Mashine yake, Gamma Knife, ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960. Toleo lililoenea baadaye lilikuwa na vyanzo 201 vya kobalti-60. La mwaka 2006 lina 192. Mwale mmoja peke yake ni dhaifu, hupita kwenye ubongo bila kuleta madhara ya maana. Yote ikikutana kwenye alama moja, hapo nguvu yake huwa kubwa. Kwa trijemina alama hiyo ina upana wa milimita 4 tu, na hupewa grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 70 hadi 90 kwa mara moja. Kwa kulinganisha, matibabu ya kawaida ya saratani hutoa grei 2 hivi kwa siku. Kichwa hakiruhusiwi kusogea, kwa hiyo fremu ya chuma hufungwa kwa skrubu nne baada ya ganzi, MRI hupigwa, mahesabu hufanywa, kisha mgonjwa hulala ndani ya mashine. Hakatwi, hapewi nusukaputi. Kwa mtu dhaifu, mzee, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu, hiyo ni faida kubwa sana na sitaki kuipunguza.

Lakini mionzi haizimi maumivu siku ile. Huudhuru mshipa wa fahamu taratibu, na nafuu huja baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Mgonjwa ambaye leo hawezi kumeza maji hana miezi hiyo. Huyo anahitaji kulazwa, kuwekewa maji na dawa ya mshipani kama fenitoini, ambayo nayo ni dawa ya kifafa.

Halafu kuna hili la nafuu kudumu. Mwaka 2009 madaktari wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 37 wa MS waliotibiwa kwa Gamma Knife. Wagonjwa 36 walipata nafuu wakati fulani. Namba hiyo ndiyo inayosafiri haraka, na ndiyo ambayo mtu atakuonyesha kwenye simu. Ukisoma zaidi unakuta kwamba "nafuu" hiyo inajumuisha watu walioendelea kunywa vidonge na maumivu yakawa yanavumilika. Waliopona kabisa bila dawa, angalau kwa muda, walikuwa 23. Na ukifuata wote hadi mwaka wa tano, waliokuwa bado na nafuu ya kuridhisha walikadiriwa kuwa asilimia 54. Wawili walibaki na hisia ya ganzi au kutekenywa usoni ambayo hawakuwa nayo. Mimi nayaona matokeo hayo kuwa mazuri. Mtu aliyekuwa hawezi kula akipewa miaka mitatu au minne ya kula na kuongea, amepewa kitu kikubwa. Ila aambiwe kabla hajauza shamba kwamba ni miaka, na kwamba huenda akahitaji kurudia.

Sasa kuna sehemu ya historia hii ambayo watu hawaisimulii, nami naona ndiyo yenye maana zaidi kwetu. Katika hospitali hiyohiyo ya Leksell, daktari aitwaye Sten Håkanson alikuwa anashughulikia namna ya kuilenga trijemina kwa mionzi. Alihitaji alama itakayoonekana kwenye eksirei, akawa anadunga unga wa madini ya tantali kwenye kifuko cha maji kinachozunguka kitovu cha mshipa huo. Ili unga ufike, aliuchanganya na gliseroli safi. Wagonjwa wakaanza kupata nafuu kabla hawajapigwa mionzi. Kilichokuwa kinawatuliza ni gliseroli. Mwaka 1981 alichapisha njia hiyo, na tangu hapo sindano ya gliseroli imetumika sana, wagonjwa wa MS wakiwamo. Sindano hupita shavuni, ikaingia kwenye tundu la asili chini ya fuvu, daktari akiiangalia kwa eksirei. Nafuu huja siku hiyo au ndani ya siku chache. Miaka miwili baadaye, 1983, njia ya puto nayo ilichapishwa: puto dogo hupitishwa kwenye tundu hilohilo, hujazwa kwa dakika moja hivi, na kuuminya mshipa wa fahamu huku mgonjwa akiwa usingizini.

Njia hizi hazina miujiza. Kwa mgonjwa wa MS maumivu hurudi pia, mara nyingi mapema kuliko tungependa, na ganzi ya uso hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa mionzi. (Na asije mtu akachukua glisirini ya kupaka ya dukani, hii ni gliseroli safi isiyo na vijidudu, kwa mkono wa mtaalamu tu.) Lakini hebu tazama vifaa vyake: sindano, eksirei ya chumba cha upasuaji, daktari aliyefunzwa, kitanda cha siku moja. Hospitali ya kanda inaweza kuwa navyo. Na kwa kuwa mgonjwa wa MS atahitaji kurudiwa, tiba inayorudiwa Mwanza au Dodoma ina thamani ambayo tiba ya mara moja ng'ambo haina.

Kwa upande wa serikali, mashine si jambo la kukataa. Kenya wameshafunga CyberKnife, mashine nyingine ya upasuaji wa mionzi, katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Misri na Morocco wametumia Gamma Knife kwa miaka mingi. Ila tukumbuke kwamba kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu yake kila miaka mitano na kitu, kwa hiyo anayenunua Gamma Knife ananunua pia deni la kubadilisha vyanzo. Mashine za linaki, zinazotengeneza mionzi kwa umeme bila kobalti, kama zile za Ocean Road jijini Dar es Salaam ambazo hutibu saratani, zinaweza kufanya kazi hii pia zikiongezewa vifaa vya kulenga kwa usahihi na wanafizikia waliofunzwa. Binafsi naiona hiyo kuwa njia ya busara kwetu: uwezo mmoja unaohudumia uvimbe wa ubongo, mishipa ya damu iliyojisokota na trijemina, badala ya mashine ya kujivunia yenye wagonjwa wachache. Na sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, inapoendelea kutekelezwa, iitambue MRI ya mtu mwenye shoti za uso kama hitaji la lazima. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mtu asisafiri umbali huo kwa kubahatisha.

Kwa familia iliyoshika barua ya rufaa, ningeomba iulize mambo haya bila kuona aibu. MRI imeonyesha mshipa wa damu, kovu, au vyote? Kabamazepini ilifika dozi gani, na ilisimamishwa kwa sababu gani? Kama daktari anapendekeza mionzi, kwa nini si sindano, na kama anapendekeza sindano, nani atairudia maumivu yakirejea?

Na kuna kazi inayobaki huku huku hata baada ya mashine bora kuliko zote. Vidonge haviachwi siku mtu anapotoka kwenye mionzi. Vinapunguzwa polepole kwa miezi, na anayefanya hivyo atakuwa daktari wa Maweni, hospitali yetu ya mkoa, au wa kituo cha afya cha karibu. Ganzi ikishika tawi la jicho, mgonjwa hahisi vumbi wala kope iliyoingia, na mboni inaweza kupata kidonda bila yeye kujua. Kwa hiyo aliyerudi kutoka kwenye matibabu ya trijemina apimwe jicho la upande ule kila anapokuja kliniki, na afundishwe kulitazama mwenyewe kwenye kioo kila asubuhi: likiwa jekundu, aje siku hiyo.